Kuandika "avocado" bila kukosea: mwongozo kwa muuza juisi, mwandaa menyu na fundi wa mabango

Pita kwenye vibanda vya juisi vya Dodoma mjini, soma mabango, kisha uingie kwenye migahawa usome menyu. Tunda ni moja, lakini jina lake la Kiingereza utalikuta kwa sura nyingi: "avacado", "avocardo", "ovacado", "avokado", na mara mojamoja "advocado". Sahihi ni moja tu, nayo ni "avocado".

Parachichi halilimwi kwa wingi hapa kwetu. Ardhi ya Dodoma ni kavu, na linalofika sokoni huletwa kutoka Njombe, Iringa, Rungwe au Kilimanjaro. Yale ya kusini huja na malori ya barabara ya Iringa, kupitia Mtera. Hata hivyo kwenye brenda za Dodoma ni mfalme. Lipo kwenye juisi ya kuchanganya, lipo pembeni ya sahani ya wali, na siku hizi lipo kwenye chupa za mafuta ya nywele. Kwa hiyo jina lake linaandikwa kila siku, na anayeliandika mara nyingi hana kamusi mkononi. Mimi kazi yangu ni kutengeneza lebo na menyu, na njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayowapa wateja. Haihitaji mtu awe amesoma Kiingereza sana. Inahitaji ajue kusoma Kiswahili, basi.

Hatua ya kwanza: amua kama unahitaji Kiingereza

Hii hatua watu huiruka. Kama wateja wako ni madereva wa bodaboda, wanafunzi na watu wa sokoni, andika "juisi ya parachichi" na kazi imekwisha. Hakuna anayekudharau kwa Kiswahili sahihi, ila Kiingereza chenye kosa kwenye bango la mita mbili kinasomwa na kila anayepita. Sioni heshima gani inaongezeka kwa kubadilisha "parachichi" kuwa "avacado".

Kiingereza kina mahali pake. Menyu ya hoteli inayopokea wageni wa mikutano na vikao vya Bunge inakihitaji. Lebo ya bidhaa inayolenga kuvuka mpaka inakihitaji, na hata banda la maonyesho ya Nanenane kule Nzuguni linapotembelewa na wanunuzi wa nje. Hapo andika lugha zote mbili, Kiswahili juu au Kiingereza juu, kwa uamuzi wako. Endelea na hatua zinazofuata ukiwa na uhakika kwamba neno hilo lina kazi ya kufanya.

Hatua ya pili: lisome neno kwa Kiswahili

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Mzungumzaji wa Kiingereza mwenyewe hukosea neno hili, na kosa lake linatokana na mdomo wake. Kiingereza humeza irabu. Ile "o" ya katikati ya "avocado" haitamkwi kama "o". Hutoka dhaifu, katikati ya "a" na "e", na mtu anayeandika kwa kufuata sikio hujikuta ameweka "a". Ndiyo maana "avacado" imeenea hata huko Uingereza na Marekani.

Sisi tuna bahati. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki: "a" ni "a" iwe mwanzo, katikati au mwisho. Basi usilifuate neno kama linavyotamkwa na Mwingereza. Lichukue kama lilivyoandikwa, ulisome kama ungesoma "karatasi" au "matokeo":

a – vo – ca – do

Silabi nne, na kila moja inaishia kwa irabu kama silabi zetu. Sasa angalia irabu peke yake: a, o, a, o. Zinapokezana. Hakuna "a" mbili zinazofuatana, wala "o" mbili. Ukishika hilo, "avacado" inakukataa yenyewe, kwa sababu irabu zake zingekuwa a, a, a, o. "Ovacado" nayo inakataa, kwani inaanza na "o".

Konsonanti ni tatu tu: v, c, d. Pale kwenye "c" ndipo Mswahili anapojikwaa, kwa sababu katika tahajia yetu "c" haitembei peke yake, lazima ifuatane na "h". Mkono unataka kuweka "k". Kumbuka basi: itamke "ka", iandike "ca". Hilo ndilo badiliko pekee. Mtu anayeandika "avokado" amekosea herufi moja tu, na kwa kweli yuko karibu na usahihi kuliko anayejitahidi kuandika Kizungu kwa kubahatisha.

Hesabu herufi ukimaliza: saba. Ukipata nane, kuna iliyoingia bila kualikwa, na karibu kila mara ni "r" au "d".

Tahadhari moja. Usomaji huu ni wa mkono, si wa mdomo. Mgeni akiagiza, mjibu kwa matamshi unayoyajua, ambayo mkazo wake uko kwenye "ka" inayovutwa. Fundi aliyepanda ngazi na brashi mkononi ndiye umsomee silabi kwa silabi.

Hatua ya tatu: lijue kosa lako

Kila mtu ana kosa lake analolirudia. Ukilijua chanzo chake, halikupati tena.

"Avocardo" ni kosa la watu waliosoma, na ninalikuta sana kwenye menyu zilizochapwa vizuri. Mwandishi anasikia "kaa" ndefu, anakumbuka "card" na "car", ambazo Waingereza wengi huzitamka bila "r" kusikika, kisha anahitimisha kwamba sauti ile ile lazima iandikwe vile vile. Kiingereza hakina uaminifu huo. Hakuna "r" popote katika neno hili.

"Advocado" linatoka upande mwingine: neno "advocate", yaani wakili. Na hapa kuna kisa cha kweli. Watu wa Mexico waliozungumza Kinahuatl waliliita tunda hili "ahuacatl". Wahispania waliofika huko walilisikia, wakalitamka walivyoweza, likawa "aguacate", na pia likavutwa kuelekea "avocado", ambalo katika Kihispania cha zamani lilikuwa neno la wakili. Waingereza wakalichukua hilo la pili. Mpaka leo Kifaransa kina neno moja, "avocat", kwa parachichi na kwa wakili. Kwa hiyo anayeandika "advocado" hajatoka mbali sana, ila "d" ya kwanza haipo. Ipo moja tu, mwishoni, kabla ya "o".

"Ovacado" linasikika zaidi kwa ndugu zetu wa Kenya, nalo limevuka mpaka. Dawa yake ni ile ile ya a, o, a, o.

"Avocadoe" ni nadra, nalo linatokana na wingi, ambao una hatua yake.

Hatua ya nne: wingi, na "s" inapokaa

Wingi ni "avocados". Ongeza "s" peke yake. Zipo kamusi zinazokubali pia "avocadoes", lakini iliyozoeleka ni ile fupi, na ndiyo ninayoshauri.

Tatizo ni kwamba genge la matunda halina parachichi peke yake. Bango moja linaweza kuwa na parachichi, embe, nyanya na viazi, na majina yao yote manne kwa Kiingereza yanaishia na "o". Nyanya na viazi lazima vipate "es": "tomatoes", "potatoes". Ukiandika "tomatos" umekosea, hakuna mjadala. Embe linakubali njia zote mbili, "mangoes" na "mangos". Chagua moja na ubaki nayo kwenye bango zima. Parachichi linataka "s" tu. Usitafute kanuni inayoeleza yote haya, utachoka bure. Kariri nyanya na viazi kwamba ndivyo vyenye "e", maisha yaendelee.

Na kwenye juisi, je? Hapo "s" haiingii kabisa. Ni "avocado juice", "mango juice", hata kama umesaga maparachichi kumi kwa glasi moja. Mafuta pia: "avocado oil". Tunda linapotangulia jina la kitu kingine hubaki katika umoja. Na hiyo "juice" yenyewe iangalie, kwani nimeiona ikiwa "juce", "juise" na "jiuce". Isome kwa Kiswahili: ju-i-ce.

Kama unauza tunda lenyewe na unataka kutaja aina, ile yenye ganda la vipelevipele linalogeuka jeusi likiiva ni "Hass": "a" moja, "s" mbili, na herufi kubwa mwanzoni kwa sababu ni jina la mtu. Rudolph Hass alikuwa tarishi wa posta huko California, na aliusajili mti wake kwa hataza mwaka 1935. Kuandika "Haas" ni kosa la dunia nzima, hata wafanyabiashara wakubwa hulifanya. Aina nyingine inayotajwa sana ni "Fuerte", neno la Kihispania lenye maana ya imara. Ilipewa jina hilo baada ya miche yake kuvumilia baridi kali ya California ya mwaka 1913. Isome fu-e-r-te, utaiandika sawasawa.

Hatua ya tano: andika kwa herufi ndogo kwanza

Hii ni hatua fupi kuieleza, lakini imeokoa lebo nyingi.

Watu wa lebo na menyu hupenda herufi kubwa. Wanafungua Word, wanawasha herufi kubwa, wanaandika "AVOCARDO JUICE", hawaoni mstari mwekundu, wanaamini mambo ni safi. Mstari haukutokea kwa sababu Word, kama ilivyosakinishwa, huwa imewekwa iyapuuze maneno yaliyoandikwa yote kwa herufi kubwa. Haikagui kabisa. Vivyo hivyo kwa maneno yaliyochanganyika na tarakimu.

Kwa hiyo andika orodha yako yote kwa herufi ndogo, weka lugha ya ukaguzi iwe Kiingereza, tazama wapi mistari inatokea, sahihisha, ndipo ugeuze kuwa herufi kubwa. Maneno yako ya Kiswahili yatapigwa mistari pia, hayo yaache. Kama huna kompyuta, tumia simu. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiingereza kwenye lugha zake, kisha andika neno kwenye ujumbe wa WhatsApp bila kuutuma. Likipigwa mstari, liguse uone pendekezo. Ila usiiachie simu ibadilishe yenyewe, maana simu hiyo hiyo ndiyo hugeuza maneno yetu ya kawaida kuwa Kiingereza cha ajabu.

Hatua ya sita: mkabidhi fundi maandishi, usimkabidhi sauti

Makosa mengi ya mabango hayatoki kwa mwenye duka wala kwa mchoraji. Yanazaliwa kati yao, kwenye simu. Mwenye duka anapiga, "Fundi, niandikie avokado jusi, embe na pasheni," naye fundi anaandika alivyosikia. Fundi hana kosa hapo. Aliambiwa kwa sauti, akaandika sauti.

Tuma maandishi. Kwa ujumbe, au kwa karatasi yenye mwandiko unaosomeka, "v" isifanane na "u" na "c" isifanane na "e". Kama ni fleksi au stika za kuchapwa, mwombe akutumie picha ya mchoro kabla hajaprinti, uisome kwa silabi ukiwa umetulia. Mpe aisome na mtu mwingine pia ambaye hajaiona, kwa sababu jicho la mwenye kazi huona alichokusudia. Mama mmoja mwenye kibanda aliniuliza, "Kaka, kwani hawataelewa tu?" Wataelewa, dada. Lakini bango utalilipia mara moja na litasomwa miaka.

Lebo nyembamba ina mtego wake. Neno halitoshi kwenye mstari, mbunifu analikata popote: "AVOC" juu, "ADO" chini. Mwambie apunguze ukubwa wa herufi. Ikilazimika kukata, akate baada ya "avo", chini ije "cado".

Kwa bidhaa za kufungashwa, kama mafuta ya kula ya parachichi, jina liandikwe kwa namna moja kila mahali: kwenye lebo, kwenye fomu za TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaoshughulikia usajili wa vyakula, na kwenye taarifa za bakodi. Hapo herufi moja iliyozidi inaweza kukurudisha dirishani.

Matunda mengine kwa njia ile ile

Ukishazoea kusoma kwa Kiswahili, matunda yaliyobaki hayakusumbui. Nitaje yale yanayotuhusu sisi wa hapa kati.

Zabibu kwanza, maana ndizo zao letu. Mbichi ni "grapes", kavu ni "raisins". Kiswahili kinatumia zabibu kwa zote mbili, Kiingereza hapana, kwa hiyo pakiti ya zabibu kavu yenye neno "grapes" inamdanganya mnunuzi. Soma ra-i-si-n. Ukiandika "resins" umeuza utomvu wa miti. Usiandike pia "grapefruit" ukidhani ni namna ndefu ya kusema zabibu; hilo ni balungi. Na shamba la mizabibu unalotaka watalii walitembelee ni "vineyard", kwa "v", hata kama kinachotoka humo ni "wine" kwa "w".

Ubuyu ni "baobab": ba-o-ba-b. Mwisho ni "b", na anayeandika "baobao" ameufuata mchezo wa bao. Ukwaju ni "tamarind", na "d" ya mwisho haikatwi, kwani "tamarin" ni tumbili mdogo wa Amerika Kusini. Tikitimaji ni "watermelon", neno moja bila nafasi katikati. Nanasi ni "pineapple", "p" tatu kwa jumla, na "e" ya katikati isiachwe. Pera ni "guava": gu-a-va, wala si "gauva". Pasheni, kinyume na tikiti, huandikwa kwa maneno mawili: "passion fruit", "s" mbili.

Komamanga ndilo gumu kuliko yote kwa Mwingereza na ndilo rahisi kuliko yote kwetu: "pomegranate". Po-me-gra-na-te, silabi tano, kila irabu mahali pake. Wao huandika "pomegranite" kwa sababu mdomo wao unameza ile "na" ya mwisho. Na "granite" ni itale, mawe kama yale ya vilima vyetu.

Kama bango limeshachorwa

Bango la rangi lenye "AVACADO" linatibika kwa nusu saa: futa "A" ya pili, chora "O" mahali pake, nafasi inatosha. "AVOKADO" vilevile, "K" kuwa "C". "OVACADO" ni herufi mbili, ya kwanza na ya tatu. "AVOCARDO" ndilo linalosumbua, kwa kuwa ukifuta "R" pengo linabaki na jicho hulikimbilia. Mwambie fundi afute kuanzia "R" hadi mwisho, achore upya "D" na "O" zikiwa pana kidogo. Akishindwa kuzilinganisha, pengo la mwisho lijaze kwa kachoro kadogo ka parachichi lililokatwa nusu.

Fleksi iliyochapwa haifutiki. Printi kipande cha stika chenye neno zima, si herufi moja, kwa rangi ile ile ya nyuma, na ukibandike asubuhi kabla jua la Dodoma halijalipasha bango, vinginevyo kitajikunja pembeni. Menyu za karatasi zilizowekwa plastiki usizichanechane kwa wembe, chapa upya. Na lebo za chupa ambazo zimeshabandikwa lakini bado ziko stoo, bandika juu yake lebo mpya nzima, ukihakikisha tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi bado zinasomeka.